Bahati ya Viumbe na Kusudi la Muumba

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: 1 Sam 16:1, 6-7, 10-13, Efe 5:8-14, Yn 9:1-41



Injili ya Dominika ya leo yaanza kwa swali. Wanafunzi wa Bwana walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kosa lilikuwa la nani: lake mwenyewe, au la wazazi wake? Swali hilo halikufa pamoja na Mitume. Miezi michache iliyopita mama mmoja aliniletea swali lilo hilo baada ya Misa ya kwanza, akiwa amempakata mwanawe wa miaka minne. Mtoto yule ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu twauita siko seli. Mikono na miguu humwuma hata akalia usiku kucha. Macho yake yana umanjano. Mara mbili amekwisha kuongezewa damu.

"Padre," akasema, "mama mkwe ananiambia kwamba mkosi huu umetoka katika ukoo wetu. Wanajumuiya wenzangu wananiambia kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyenichagulia msalaba huu, nisilalamike. Na mwanangu mkubwa, aliye kidato cha sita, anasema amejifunza kwamba mambo haya hutokea kwa bahati tu katika mageuko ya viumbe, na hakuna aliyepanga chochote. Nimsadiki nani? Kama Mungu ndiye aliyepanga, mtoto huyu alimkosea nini? Na kama hakupanga, Yeye alikuwa wapi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimbariki mtoto, nikamwomba mama anipe muda. Leo najaribu kumjibu, na pamoja naye nawajibu ninyi makatekista ambao vijana huwauliza swali hilo darasani: Je, mageuko ya viumbe yaongozwa na kusudi, ama yasukumwa na bahati?

Kwanza, ndugu zangu, tulielewe jambo lenyewe, maana si vema kulihukumu tusilolijua. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Maagizo ya kuiunda yamo katika jeni, yaani vile vibeba urithi tunavyopokea kwa baba na kwa mama. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza kwamba katika damu ya mgonjwa wake ameona chembe nyekundu zilizopinda mfano wa mundu. Mnamo miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, mtaalamu aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, akaonyesha chanzo chake. Mmojawapo wa minyororo inayounda hemoglobini una viungo 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, kiungo cha sita peke yake ndicho kilichobadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Ni kama herufi moja iliyokosewa katika kitabu kizima, na kwa herufi hiyo mtoto analia usiku kucha.

Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui. Huyo twamwita mbebaji. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumleta mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kumleta mbebaji, na moja katika nne ya kumleta mtoto asiye nayo kabisa. Na kila mimba huanza hesabu upya. Mtoto mmoja akizaliwa mgonjwa, haina maana kwamba watatu wanaomfuata watakuwa salama. Basi, mama mkwe amekwisha kujibiwa. Jeni imetoka pande zote mbili, na hakuna ukoo wa kunyoshewa kidole. Wala kurithi si kutenda dhambi.

Lakini kwa nini jeni yenye madhara makubwa hivi haikutoweka zamani? Jibu lake lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alifuatana na msafara wa wanachuo uliokwenda Mlima Kenya, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la kushangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alibeba jeni hiyo. Lakini katika nyanda za juu hakupatikana hata mmoja katika mia. Akajiuliza: pwani na ziwani pana nini ambacho milimani ni haba? Pana mbu, na pana malaria. Uchunguzi alioutangaza mwaka 1954 ulionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria. Tangu zamani, katika nchi za malaria, watoto wabebaji walipona homa iliyowaua wenzao, wakakua, wakazaa, na jeni yao ikaenea. Hicho ndicho wataalamu wakiitacho uteuzi wa asili, ambacho Charles Darwin alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Tafakarini jambo hilo. Wengi wetu tuishio ziwani na pwani tu hai leo kwa sababu bibi mmoja wa zamani, ambaye jina lake hatulijui, alibeba jeni hiyo akapona homa. Kinga ya wengi na maumivu ya wachache vimetoka katika badiliko lile lile moja.

Pili, tulipime neno lenyewe, bahati. Kijana wa kidato cha sita alilitumia, na alilipata kwa walimu wake. Katika elimu ya viumbe neno hilo halina maana kwamba jambo limetokea pasipo chanzo. Badiliko la jeni lina vyanzo vyake: kosa wakati wa kunakili, mionzi, au kemikali fulani. Maana yake ni kwamba badiliko halitazami haja ya kiumbe. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walilionyesha hilo kwa bakteria. Walitaka kujua kama bakteria wanaostahimili shambulio la virusi hupata uwezo huo kwa sababu wameshambuliwa. Wakakuta sivyo: baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa na badiliko hilo hata kabla ya kukutana na adui. Badiliko halikuja kwa kuitwa na haja.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, na anayeishia hapo amedanganyika. Baada ya mabadiliko kutokea bila kutazama haja, huja uteuzi, na uteuzi haubahatishi. Mfano wake ni chekeche ya fundi. Mchanga unaomwagwa juu yake haukupangwa punje kwa punje. Lakini matundu yake hayabahatishi kipi kipite na kipi kibaki. Ndiyo maana jeni ya selimundu ilienea ziwani, wala haikuenea milimani. Basi hata katika elimu yenyewe, si sahihi kusema kwamba viumbe wametokea kwa bahati tu. Wametokea kwa bahati na kwa kanuni, zikishirikiana.

Na kuhusu kusudi? Hapo, kijana wangu, elimu ya viumbe hunyamaza, na hufanya vema kunyamaza. Darubini huonyesha chembe iliyopinda. Haikutengenezwa ili ionyeshe kwamba mtoto huyu anapendwa au hapendwi. Mwaka 1970 Jacques Monod, Mfaransa aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, alitoa kitabu akihitimisha kwamba binadamu ametokea kwa bahati katika ulimwengu usiomjali. Aliyoyagundua juu ya maisha ya chembe twayapokea kwa shukrani. Lakini hitimisho lile hakulikuta maabarani. Aliingia nalo mlangoni. Ni falsafa, nayo sharti ipimwe kama falsafa.

Tatu, tuwageukie wanajumuiya wetu wema, ambao hawataki kusikia neno bahati kamwe. Hao wanaye mtangulizi mwenye heshima. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard na Mkristo mcha Mungu, alikuwa rafiki wa Darwin na mtetezi wake huko Marekani. Yeye aliona kwamba mageuko ni kweli, lakini mabadiliko yenyewe huongozwa na Mungu kuelekea mema, kama mkulima aongozavyo maji katika mifereji ya shamba. Darwin hakuweza kukubali. Mwaka 1860 alimwandikia Gray kwamba hawezi kuridhika kuuona ulimwengu huu kuwa kazi ya nguvu isiyo na akili. Hata hivyo, akiyatazama mateso yaliyojaa duniani, haoni kwamba kila jambo moja moja limekusudiwa. Akaelekea kuamini kwamba kanuni zimewekwa kwa kusudi, na mambo madogo madogo, mema na mabaya, yameachiwa bahati. Tusimhukumu upesi. Miaka tisa kabla ya barua ile, mwaka 1851, alikuwa amemzika binti yake Annie, mtoto wa miaka kumi.

Ugumu alioushika Darwin ni huo huo wa mama yetu. Ukisema kwamba kila badiliko la jeni limesukumwa kwa mkono wa Mungu kulenga shabaha, basi umesema kwamba mkono huo ndio ulioiandika ile herufi iliyokosewa, ukiwa umemlenga mtoto wa miaka minne. Twadhani tumemtukuza Mungu, kumbe tumemfanya adui wa watoto. Ayubu naye aliwaona rafiki zake wakimtetea Mungu kwa maneno ya namna hiyo, na mwishoni Mungu aliwakasirikia hao watetezi wake.

Kanisa linafundisha njia nyingine, na si njia iliyobuniwa juzi kwa kuwaogopa wataalamu. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino aliuliza kama maongozi ya Mungu huiondoa bahati duniani. Akajibu: la, hayaiondoi. Mungu hakuumba vikaragosi vinavyovutwa kwa kamba. Aliwapa viumbe wake hadhi ya kuwa visababishi vya kweli, kila kimoja kwa namna yake: vingine hutenda bila kukosea, vingine hukosea, na njia zao zikikutana pasipo wao kutaka, hapo pana bahati. Kwa upande wa viumbe, bahati ni bahati kweli. Kwa upande wa Mungu, ambaye huvitegemeza vyote visirudi katika utupu, hakuna kinachomshtukiza. Basi tuseme hivi: hakuna kinachotokea nje ya maongozi ya Mungu, lakini si kila kinachotokea ni mshale alioulenga Yeye. Kuruhusu si kukusudia.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanatufundisha. Katika somo la kwanza tumemsikia Samweli akienda Bethlehemu, katika nyumba ya Yese, kumpaka mafuta Daudi, mtoto mdogo aliyesahauliwa malishoni. Lakini Daudi alifikaje Bethlehemu? Bibi wa baba yake alikuwa Ruthu, mgeni kutoka Moabu, mjane, aliyetoka asubuhi moja kuokota masazo ya shayiri ili yeye na mama mkwe wake Naomi wasife njaa. Mwandishi mtakatifu hasemi kwamba malaika alimwonyesha shamba. Asema kwamba ilitukia tu, akajikuta katika shamba la Boazi. Ruthu hakupanga, wala Boazi hakupanga. Ilikuwa bahati. Na katika bahati hiyo alizaliwa Obedi, na kwa Obedi Yese, na kwa Yese Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Mwokozi wetu. Kusudi la Mungu halikuhitaji kuifuta bahati ya Ruthu. Lilipita ndani yake.

Kwa imani hiyo hiyo Kanisa limeitazama elimu ya mageuko. Mwaka 1950 Papa Pio wa XII aliandika kwamba wataalamu wako huru kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe vilivyotangulia, huku tukishika kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliieleza Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba elimu mpya imeifanya nadharia hiyo kuwa zaidi ya dhana tu. Mwaka 2004 Tume ya Kimataifa ya Kitaalimungu ikafafanua kwamba bahati ya kweli katika viumbe haipingani na maongozi ya Mungu yenye kusudi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yatufundisha kwamba Mungu hakuuumba ulimwengu ukiwa umekwisha kukamilika, bali ukiwa safarini kuuelekea ukamilifu. Na katika safari hiyo mema ya maumbile na mabaya ya maumbile huenda pamoja. Je, hatukuyaona hayo katika damu zetu wenyewe, kinga na maumivu katika jeni moja?

Sasa turudi katika Injili. Bwana anakataa swali la wanafunzi. Hakutenda dhambi huyu, wala wazazi wake. Mahali pengine, katika Injili ya Luka, aliwazungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa vilevile kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Na ni katika birika ya Siloamu hiyo hiyo anamtuma kipofu akanawe. Wanafunzi walitazama nyuma: nani alikosa? Yesu anatazama mbele: kazi gani ya Mungu itatendeka hapa, maadamu ni mchana? Kisha hatoi hotuba. Anainama, anafanya tope, anampaka macho.

Kwa nini tope? Mtakatifu Ireneo, Askofu wa Lyon katika karne ya pili, aliona hapo ishara kubwa. Mwanzo Mungu alimfinyanga mtu kwa udongo. Na sasa Bwana kwa udongo ule ule anakamilisha katika macho ya kipofu kile ambacho hakikukamilika tumboni mwa mama yake. Maana yake, wapendwa, kazi ya kuumba inaendelea, na mikono ya Yesu haikuona haya kuchafuka kwa ajili yake.

Kusudi la Mungu, basi, tusilitafute katika herufi ile iliyokosewa. Tulitafute katika kile ambacho upendo unatutaka tukifanye baada yake. Na kazi zipo. Mtoto wa selimundu akigunduliwa mapema, akapewa penisilini na chanjo, foliki asidi na maji ya kutosha, akalala ndani ya chandarua, ana matumaini makubwa kuliko zamani. Tukumbuke kwamba kinga niliyoitaja ni ya mbebaji; mgonjwa mwenyewe malaria humdhuru vibaya. Ipo dawa ya haidroksiurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayorekebisha jeni za chembe za mgonjwa mwenyewe. Bei yake ni kubwa mno kwa watu wetu, na hilo nalo ni swali la haki ambalo Wakristo hawana ruhusa kulinyamazia. Makatekista, mnapowaandaa wachumba kwa ndoa, wahimizeni wapime damu mapema, wajue hali yao na wapate ushauri. Lakini asidharauliwe mtu kwa kuwa mbebaji. Na ninyi wenye afya, kachangieni damu. Mtoto yule aliongezewa mara mbili, na hakuna ajuaye ilitoka kwa nani.

Nilipokutana tena na yule mama, nilimwuliza: "Mama, mtoto akilia usiku, nani huamka?"

Akanijibu: "Mimi, Padre, na kaka yake. Yeye ndiye humpa maji na kumkanda miguu mpaka alale."

Basi kijana yule asemaye kwamba hakuna aliyepanga chochote, ndiye anayeamka saa nane za usiku. Mwanangu, kama unanisikiliza, nakuomba usiache masomo yako; mwalimu wako hakukudanganya juu ya jeni. Lakini jiulize ni nini kinachokuamsha. Jeni haikujui, wala bahati haikuiti kwa jina. Anayekuita ni Yule aliyeinama kando ya njia akafanya tope.

Nawe mama, uliniuliza Mungu alikuwa wapi. Kwa nini ilikuwa mimba hii na si nyingine, Ayubu naye aliuliza, na Mungu hakumpa hesabu, alimjia mwenyewe. Hakumlenga mwanao kwa ugonjwa. Yupo nyumbani kwako usiku, katika mikono inayokanda miguu ya mtoto. Na siku ya Pasaka tunayoikaribia, Yeye aliyefufuka na makovu yake atatuonyesha kwamba hata mwili uliojeruhiwa una nafasi katika kusudi la Baba.

Tuombe. Ee Mungu Muumba, uliyewapa viumbe wako kutenda kweli na kutembea safarini, utuponye upofu wa kutafuta mkosaji palipo na mgonjwa. Uwatulize watoto wanaoumia usiku huu, uwatie nguvu wanaoamka kwa ajili yao, na utupe sote kutenda kazi zako maadamu ni mchana. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.